Vita vya Sudan ni vya nani? Jibu linaanzia Kibera

Ukikaa kwenye baraza za Makina, pale Kibera, baada ya sala ya Isha, hukosi kusikia habari za Sudan. Wazee wa Kinubi wanakunywa kahawa, na kila mmoja ana simu yake. Huyu anaonyesha video ya wanajeshi wakishangilia kurudi Khartoum. Yule anaonyesha video ya wapiganaji wa upande wa pili wakishangilia mji wa Darfur walioutwaa. Video zote mbili zina takbira, na zote mbili zina vijana waliobeba bunduki ambazo hazikuundwa Sudan. Mwisho mtu mmoja huuliza: "Sasa hawa wanapigana kwa ajili ya nani?"

Swali hilo si la Wanubi peke yao. Sisi wa Pwani twalo pia. Wapo vijana wetu waliokuwa wakisoma Khartoum, katika Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Afrika, vita vilipoanza mwezi wa Ramadhani, Aprili 2023. Wazazi hawakulala mpaka watoto walipofikishwa nyumbani. Wapo wafanyabiashara wa chai wa Mombasa ambao mzigo wao ulikwama mwaka 2025 kwa sababu ya vita hivyo hivyo. Na wapo wengi wetu wanaotumiwa video kila siku kwenye WhatsApp na kuzisambaza bila kujua nani amezitengeneza.

Jibu langu ni hili. Kwa miaka 200 sasa, watu wa nje wamekuwa wakiingia Sudan kutafuta vitu viwili, dhahabu na askari. Kila mara wamempata mwenyeji mwenye nguvu wa kuwauzia. Na kwa kuwa biashara ya namna hiyo haipendi mwanga, mwanahabari amekuwa adui wa kila muuzaji. Tuyatazame mambo haya matatu moja baada ya jingine, tukianzia hapa hapa kwetu.

Kibera ni mtoto wa siasa za Sudan

Mwaka 1820, Muhammad Ali Pasha, mtawala wa Misri chini ya dola ya Uthmaniya, alipeleka jeshi lake kusini. Alitaka dhahabu ya Sudan, na alitaka wanaume wa kuwafanya askari. Dhahabu aliyoipata ilikuwa kidogo kuliko alivyotarajia. Watu waliopatikana walikuwa wengi. Walikamatwa milima ya Nuba na kusini ya nchi, wakafanywa watumwa, wakavishwa sare na kufundishwa amri. Kwa miongo mingi iliyofuata, "askari wa Sudan" akawa bidhaa inayotafutwa na kila mwenye dola.

Mwaka 1881 Muhammad Ahmad alijitangaza kuwa ni Mahdi na akawaasi watawala. Khartoum ilianguka mikononi mwake Januari 1885. Askari waliokuwa mbali kusini, jimbo la Equatoria, chini ya Mjerumani aliyejulikana kama Emin Pasha, walikatiwa njia ya kurudi. Emin mwenyewe aliondoka na Stanley, wakafika Bagamoyo mwishoni mwa 1889. Askari wengi walibaki nyuma na wake zao na watoto wao. Mwaka 1891 Mwingereza Frederick Lugard akawachukua na kuwaingiza katika utumishi wake Uganda. Jeshi la King's African Rifles lilipoundwa mwaka 1902, hao na watoto wao walikuwa nguzo yake.

Pwani pia tuliwaona. Abushiri alipowaasi Wajerumani huko Pangani, Hermann von Wissmann alikwenda Cairo mwaka 1889 kuajiri askari wa Kisudani wa kuja kumpiga. Abushiri alinyongwa Pangani Disemba mwaka ule ule. Msudani aliyebeba ile bunduki hakuwa na ugomvi wowote na watu wa Pangani. Alikuwa mtu aliyekodishwa.

Waingereza waliwapa askari hao wa Kinubi mahali pa kukaa nje ya Nairobi mwanzoni mwa karne ya 20. Palikuwa msitu, na kwa Kinubi msitu ni *kibra*. Ndipo likatoka jina Kibera. Mwaka 1918 eneo hilo lilihesabiwa kuwa ekari 4,197. Lakini askari hawakupewa hati. Walihesabiwa kuwa ni watu wa kupita, wasio na kwao. Wakapigana vita viwili vikuu vya dunia, wakazeeka, wakazikwa hapo hapo, na wajukuu wao wakaendelea kuulizwa kwao ni wapi. Ilichukua mpaka mwaka 2017 ndipo jamii ya Wanubi ilipokabidhiwa hati ya pamoja, nayo ni ya ekari 288. Piga hesabu mwenyewe. Haifiki hata asilimia 7 ya ardhi ile ya kwanza.

Kwa hivyo mzee wa Makina anapouliza vita vya Sudan ni vya nani, anauliza habari ya ukoo wake. Babu yake alichukuliwa na mtu wa nje, akapiganishwa vita visivyokuwa vyake, kisha akaachwa bila ardhi. Akitazama simu yake leo, anaona wajukuu wa wale waliobaki Sudan wakifanyiwa jambo lile lile.

Nchi moja, majeshi mawili

Sudan ilipata uhuru tarehe 1 Januari 1956, na zaidi ya nusu ya umri wake imetawaliwa na wanajeshi. Omar al-Bashir alichukua nchi kwa mapinduzi tarehe 30 Juni 1989. Watu wa Darfur waliposhika silaha mwaka 2003 wakilalamika kutupwa, Bashir hakutegemea jeshi lake peke yake. Aliwapa silaha wanamgambo wa makabila ya wafugaji, wale walioitwa Janjaweed. Vijiji vilichomwa, watu wakauawa kwa maelfu kwa maelfu, na mwaka 2009 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, ikatoa hati ya kumkamata Bashir.

Bashir aliwaogopa majenerali wake kuliko alivyoiogopa mahakama hiyo. Mwaka 2013 aliwakusanya wanamgambo hao akawapa jina rasmi, Vikosi vya Msaada wa Haraka, vinavyojulikana kwa kifupi kama RSF. Mkuu wao alikuwa Mohamed Hamdan Dagalo, mtu wa biashara ya ngamia ambaye watu humwita Hemedti. Nia ilikuwa awe kinga ya rais dhidi ya jeshi. Waswahili husema, kikulacho ki nguoni mwako.

Disemba 2018 wananchi waliingia barabarani kwa sababu ya bei ya mkate, wakianzia Atbara, mji wa wafanyakazi wa reli. Bashir aliangushwa tarehe 11 Aprili 2019. Vijana wakakaa nje ya makao makuu ya jeshi wakidai serikali ya raia. Tarehe 3 Juni, siku za mwisho za Ramadhani, walivamiwa kwa risasi na zaidi ya watu 100 wakauawa. Baadaye likapatikana suluhu la kugawana madaraka, na Abdalla Hamdok akawa waziri mkuu. Halikudumu. Tarehe 25 Oktoba 2021 Jenerali Abdel Fattah al-Burhan wa jeshi na Hemedti wa RSF walishirikiana kuipindua serikali hiyo.

Wezi wawili wakishaiba pamoja, hugombana wakati wa kugawana. Ilipofika zamu ya kuamua RSF iunganishwe na jeshi kwa muda gani na chini ya amri ya nani, hawakuelewana. Tarehe 15 Aprili 2023 wakaanza kupigana katikati ya Khartoum, juu ya vichwa vya watu waliofunga saumu.

Tangu hapo zaidi ya watu milioni 12 wamewahi kung'olewa makwao. Mwezi Agosti 2024 wataalamu walithibitisha njaa kuu katika kambi ya Zamzam, Darfur Kaskazini. Jeshi liliikomboa ikulu ya Khartoum Machi 2025. RSF nayo iliuzingira mji wa El Fasher kwa karibu miezi 18, ikauingia tarehe 26 Oktoba 2025. Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya kuuawa kwa zaidi ya watu 460, wagonjwa na waliokuwa wakiwauguza, katika hospitali moja ya uzazi mjini humo.

Nani anataka nini

Hapa ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunaambiwa ni vita vya Waarabu na Waafrika, au vita vya Waislamu na maadui wao. Lakini pande zote mbili ni Waislamu, na waliouawa ni Waislamu. Tarehe 19 Septemba 2025 droni ilipiga msikiti wa El Fasher watu wakiwa kwenye sala ya Alfajiri, wakafa zaidi ya 70. Upande wa pili, ndege za jeshi zimepiga masoko ya Darfur siku za gulio. Ukabila upo, na umewaua watu wa Masalit wa El Geneina kwa namna ya kutisha. Hata hivyo ukabila peke yake haununui droni.

Fedha inatoka wapi? Sudan Kusini ilipojitenga Julai 2011 iliondoka na karibu robo tatu ya mafuta. Khartoum ikageukia dhahabu. Mwaka 2017 Hemedti alitwaa machimbo ya Jebel Amer huko Darfur, na jamaa yake wakawa matajiri wa dhahabu. Kuanzia 2015 Saudi Arabia na Umoja wa Falme za Kiarabu, ambayo sisi twaiita Imarati, walihitaji askari wa kwenda kupigana Yemen. Jeshi la Sudan lilipeleka watu, na RSF ikapeleka wengi zaidi. Dhahabu na askari, kama alivyotaka Muhammad Ali mwaka 1820.

Imarati inatajwa sana kuwa ndiyo mfadhili wa RSF. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwanzoni mwa 2024, walisema tuhuma za silaha kupitishwa uwanja wa ndege wa Amdjarass, nchini Chad, ni za kuaminika. Imarati inakanusha, na inasema ilichokuwa ikipeleka ni msaada wa kibinadamu. Sudan iliishtaki Imarati kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Haki, na tarehe 5 Mei 2025 mahakama ikaiondoa kesi hiyo kwa kuwa haina mamlaka ya kuisikiliza. Kwa maneno mengine, mahakama haikusema tuhuma ni za kweli wala haikusema ni za uongo.

Jeshi nalo lina watu wake. Misri inaliunga mkono kwa sababu ya mpaka na kwa sababu ya maji ya Nile. Droni za Iran na za Uturuki zimeonekana upande wake. Urusi ilianza karibu na RSF kupitia kundi la Wagner na dhahabu, kisha ikasogea upande wa jeshi, kwani inataka kituo cha manowari kwenye Bahari ya Sham. Novemba 2024 Urusi ilitumia kura ya turufu kuzuia azimio la Baraza la Usalama lililotaka mapigano yasimame.

Jambo la kushangaza zaidi ni kwamba dhahabu inayochimbwa upande wa jeshi nayo, sehemu kubwa kabisa, imekuwa ikienda kuuzwa Dubai. Burhan amekuwa akiilaani Imarati jukwaani huku soko lake la dhahabu liko huko huko. Msuluhishi naye ni nani? Septemba 2025 nchi nne zilitoa mpango wa kusimamisha vita, nazo ni Marekani, Saudi Arabia, Misri na Imarati. Mbili kati ya hizo ndizo zinazotajwa kila siku kuwa walezi wa pande zinazopigana. Siwalaumu kwa kukaa mezani, maana bila wao bunduki hazitanyamaza. Nasema tu tusijifanye hatujui wamekaa upande gani wa meza.

Kwa nini mwanahabari hatakiwi

Enzi za Bashir serikali iligundua njia rahisi ya kulinyamazisha gazeti. Badala ya kulifungia kabla halijatoka, maofisa wa usalama walisubiri mpaka nakala zote zichapwe, kisha wakaja usiku matbaani kuzizoa. Mwenye gazeti ameshalipa karatasi, wino na mafundi. Amepoteza siku nzima ya mauzo. Tarehe 16 Februari 2015 walizoa magazeti 14 siku moja. Ukifanyiwa hivyo mara tatu au nne, huhitaji tena kuambiwa usiandike nini. Utajikata mwenyewe.

Mauaji ya Juni 2019 yalipotokea, watawala walizima intaneti nchi nzima kwa zaidi ya mwezi mmoja. Wakili mmoja alikwenda mahakamani kuidai kampuni yake ya simu huduma aliyoilipia, akashinda, na huo ukawa mwanzo wa intaneti kurudi. Mwaka 2022 wanahabari wa Sudan walipiga kura wakaunda chama chao huru, cha kwanza tangu 1989. Hawakupata hata mwaka mmoja wa kupumua.

Siku ya kwanza ya vita, RSF iliteka jengo la redio na televisheni ya taifa huko Omdurman, na jeshi halikulirudisha mpaka Machi 2024. Magazeti ya Khartoum yaliacha kuchapwa. Wanahabari waliobaki walitiliwa shaka na kila upande. Ukiwa na kamera eneo la RSF wewe ni jasusi wa jeshi, na ukivuka ukafika eneo la jeshi wewe ni jasusi wa RSF. Wengi wamekimbilia Cairo, Kampala na hapa Nairobi, wanakoendelea kufanya kazi kwa simu na kwa mikopo. Redio Dabanga, inayosikilizwa sana Darfur, inatangaza kutoka Uholanzi tangu 2008.

Pengo hilo limejazwa na nani? Na wenye fedha. Msudani aliyefungiwa magazeti yake alibaki na televisheni za nje, na kila moja ina mwenyewe. Al Arabiya na Al Hadath ni za Saudi Arabia. Sky News Arabia iko Abu Dhabi. Al Jazeera ni ya Qatar. Serikali ya jeshi ilizisimamisha zile tatu za kwanza Aprili 2024. Wengine walifurahi, lakini kufunga dirisha kwa sababu upepo una vumbi hakukupi hewa safi. Kunakuacha gizani na yule aliyelifunga.

Matokeo yake tuliyaona El Fasher. Mji ulipoanguka hapakuwa na wanahabari wa kutosha wa kusimulia, na mawasiliano yalikuwa yamekatwa. Dunia ilijua kwa njia mbili. Moja ni picha za setilaiti zilizochambuliwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, walioona kutoka angani ardhi iliyobadilika rangi na vitu vyenye ukubwa wa miili ya watu. Nyingine ni video walizojipiga wauaji wenyewe wakijisifu. Mtu anapofika mahali pa kupiga picha uhalifu wake na kuusambaza, ujue amezoea kutoulizwa.

Nairobi nayo imo

Tusijifanye watazamaji. Rais William Ruto alimpokea Hemedti Nairobi mwezi Januari 2024. Kabla ya hapo, serikali ya Burhan ilikuwa imemkataa Ruto kuwa mwenyekiti wa upatanishi wa IGAD, ikimtuhumu kuegemea upande mmoja. Februari 2025 RSF na washirika wake walikusanyika katika Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta, KICC, na kabla mwezi haujaisha wakatia saini hapa Nairobi mkataba wa kuunda serikali yao wenyewe. Ulikuwa hata mwezi mmoja na nusu haujapita tangu Marekani itangaze kwamba RSF imefanya mauaji ya kimbari. Serikali ya Kenya ilisema inatoa uwanja wa mazungumzo tu. Sudan ilimwita balozi wake nyumbani, na mwezi Machi ikapiga marufuku bidhaa za Kenya.

Hapo ndipo mkono wa vita ulipotufikia Mombasa. Sudan ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa chai ya Kenya, nayo chai hiyo hupita kwenye mnada wetu na bandari yetu. Makontena yalikwama. Aliyeumia si mwanasiasa aliyepigwa picha KICC. Aliyeumia ni mkulima wa Kericho, dereva wa lori, na mpakiaji wa ghala la Shimanzi anayelipwa kwa siku. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi, na safari hii nyasi zilikuwa zetu.

Maoni yangu ni kwamba mwenye kuipatanisha nyumba ya jirani hampi mmoja wa ndugu ukumbi wa kujitangazia unyumba wake. Kenya ina sifa ya upatanishi tangu mkataba wa Naivasha uliosimamisha vita vya kusini mwa Sudan mwaka 2005. Sifa hiyo ilijengwa kwa miaka, na mkutano mmoja wa KICC uliitia doa.

Somo la Kibera na Kawangware

Wapo watakaosema mambo ya habari ni anasa, watu kwanza wale. Nawakumbusha yaliyotupata sisi wenyewe.

Disemba 30, 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Kibera ilikuwa inawaka. Watu wa Kisumu Ndogo hawakujua kinachotokea Laini Saba, na wa Laini Saba walisikia kwamba wa Gatwekera wanakuja. Ujumbe wa simu ulienda mbio kuliko miguu. Katika hali hiyo, redio ndogo ya mtaa, Pamoja FM, iliyoanzishwa mwaka huo huo, ilibaki hewani ikiwasihi watu watulie. Haikuwa na mitambo mikubwa. Ilikuwa na kitu kimoja tu, watangazaji ambao wasikilizaji wangeweza kuwafuata mlangoni kama wangesema uongo.

Miaka kumi baadaye zamu ilikuwa ya Kawangware, mwendo mfupi kutoka Kibera. Oktoba 27, 2017, siku moja baada ya uchaguzi wa marudio, vijana wa makabila mawili walipigana huko na mali ikachomwa moto. Usiku ule kila simu ya Kawangware ilikuwa na habari yake. Mara wamekuja kwa malori, mara wamekuja na mapanga, mara idadi ya maiti inaongezeka kwa kila anayesimulia. Watu waliokuwa wakinunua mboga kwenye kibanda kimoja walilala wakilindana. Miezi mitatu baadaye, Januari 30, 2018, serikali ilizima televisheni tatu, Citizen, NTV na KTN, ili zisionyeshe Raila Odinga akila kiapo Uhuru Park. Juni 25, 2025 ikajaribu tena kuzuia kuonyeshwa moja kwa moja kwa maandamano, mpaka mahakama ikaingilia.

Tofauti yetu na Sudan basi ni ipi? Si kwamba watawala wetu ni malaika. Ni kwamba hapa pana mahakama inayoweza kuambiwa na ikasema hapana, pana mhariri anayeweza kukataa, na hatuna majeshi mawili. Vitu hivyo vitatu Sudan ilivipoteza kimoja kimoja, na kila kimoja kilipoondoka walikuwapo watu waliosema haidhuru.

Kwa hivyo ikikufikia video ya Sudan leo usiku, kabla hujaisambaza jiulize maneno manne. Nani ameipiga, na alikuwa upande gani wa bunduki? Ni ya lini, maana za 2019 zinarudi kila wiki kama mpya? Chombo kilichoitoa ni cha nchi gani, na nchi hiyo inanunua nini kutoka Sudan? La nne ndilo kubwa zaidi. Ndani ya video hiyo, je, kuna raia hata mmoja aliyepewa nafasi ya kusema? Ukiona ni makamanda watupu, umeletewa tangazo la biashara.

Na ikiwa jirani yako Nairobi, Eastleigh au hapa Mombasa ni Msudani aliyekimbia, mwulize yeye. Mpe kahawa, umsikilize. Ana habari ambayo hakuna televisheni itakayokupa, nayo ni bei ya unga siku aliyoondoka, na jina la mtoto aliyebaki nyuma.

Nimrudie mzee wa Makina na swali lake. Vita hivi ni vya nani? Ni vya wanaonunua dhahabu na wanaokodi askari, na vya majenerali wawili wanaowauzia. Wanaopigana si wao. Babu wa mzee yule hakuwa na gazeti la kumwambia anapelekwa wapi na kwa faida ya nani. Alijua alipofika Kibra, na hata hapo hakuambiwa kwamba hatapewa hati. Kijana wa Darfur aliyevishwa sare mwaka huu naye hajaambiwa. Kumnyima habari ndiko kulikowawezesha kumpata.